Jinsi ya kusoma ramani ya majini, kwa sisi tunaotembea Ziwa Victoria

Ukifungua ramani ya majini mara ya kwanza macho yanakimbilia visiwa, unatafuta Ukerewe iko wapi, Kome ile pale, Saanane kanukta kadogo, Ghuba ya Mwanza inavyoingia ndani kama kilomita 60 kuelekea kusini, basi unaona umeshaielewa. Bado. Hiyo ni nchi kavu, na nchi kavu unaiona kwa macho hata bila ramani. Uzito wa ramani ya majini uko kwenye vile vinamba vidogo vilivyotawanyika ndani ya maji, kila kimoja ni mahali ambapo kuna mtu alipita na chombo akashusha timazi, yaani kamba yenye chuma kizito mwishoni, au akawasha mashine akapima kutoka juu mpaka chini. Ukijua kuviuliza maswali matatu, nani alipima, lini, na ziwa siku hiyo lilikuwa juu kiasi gani, umeshawazidi wengi wanaotembea na GPS ya hela nyingi kwenye boti.

Naandika nikiwafikiria vijana wa Kirumba, Igombe na Kayenze wanaoanza kuendesha boti za injini, manahodha wa boti za abiria za visiwani, na yeyote aliyenunua simu nzuri akaweka programu ya ramani sasa anadhani kazi imeisha. Hii elimu haitakiwi kubaki kwenye meli kubwa peke yake, mwenye boti ya abiria 12 anaihitaji kuliko mwenye meli maana yeye ndo anapita karibu na mawe.

Anza pembeni, usianze katikati. Kuna kiboksi chenye jina la ramani na maandishi mengi madogo, watu wengi wanakiruka, wewe kisome chote. Cha kwanza kutafuta ni kipimo cha kina. Ramani za sasa zinatumia mita, zile za zamani za enzi za Mwingereza zinatumia pima na futi. Pima wavuvi wote tunaijua, ni mikono miwili umeinyoosha, ila kwenye ramani imewekwa rasmi kuwa futi 6, yaani mita 1.83. Sasa mtu aliyezoea kuhesabu kamba kwa pima akikuta 5 kwenye ramani ya mita anaisoma pima 5, anaamini ana mita 9 chini yake kumbe ana 5 tu. Alafu kuna namba yenye kidogo chake kimeshuka pembeni, mfano 4 kubwa na 2 ndogo, hiyo sio 42, kwenye ramani ya mita ni mita 4.2 na kwenye ramani ya pima ni pima 4 na futi 2. Hili ukilikosea hamna kingine kitakachokusaidia.

Cha pili ni skeli. Ikiandikwa 1:50,000 maana yake sentimita 1 ya karatasi ni mita 500 za ziwani. Ikiandikwa 1:300,000 sentimita hiyo hiyo ni kilomita 3, hapo hata alama ya ncha ya penseli, nusu milimita, inafunika mita 150 za maji, kwa hiyo ramani ya namna hiyo ni ya kupanga safari ndefu tu, usiitumie kuingilia kwenye mwalo, pale ufukweni boti zinapotia, wenye mawe. Na kwenye simu ukivuta picha ikawa kubwa, ramani haijawa na taarifa zaidi, imekuzwa tu, ile mistari iliyochorwa kwa skeli ya mbali inabaki na kosa lake lile lile.

Umbali unapimwa kwa ngazi ya pembeni, kushoto au kulia, ile ya latitudo. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya majini, mita 1,852. Unachukua bikari au hata kipande cha karatasi, unaweka alama mbili za safari yako, unahamishia pembeni, unahesabu dakika. Ile ngazi ya juu na chini ya ramani, ya longitudo, usiitumie kupimia umbali. Kwetu hapa karibu na ikweta tofauti yake ni ndogo mno huwezi hata kuiona, ila zoea la pembeni ni zuri maana ukienda mbali na ikweta ile ya juu itakudanganya kabisa.

Na hapa kuna jambo linawachanganya wanaojifunza kwa video za Wazungu. Wao wengi wako kaskazini ya ikweta, namba za latitudo kwao zinaongezeka kwenda juu. Sisi tuko kusini, kwetu zinaongezeka kwenda chini. Mji wa Mwanza uko kama 2°31′ kusini na 32°54′ mashariki, Nansio iko juu yake kwenye ramani na latitudo yake ni ndogo, kama 2°07′. Kwa hiyo ukiwa unaenda Ukerewe namba ya latitudo kwenye GPS lazima ipungue, ikiongezeka jua unaelekea Sengerema huko, geuza.

Kuhusu GPS yenyewe, angalia inaandikaje namba. 2°31′30″ na 2°31.5′ na 2.525° zote ni mahali pamoja, imetofautiana namna ya kuandika tu. Mwenzio akikutajia kwa simu "mbili nukta tano mbili tano" wewe ukaingiza nyuzi 2 dakika 52.5, umekosea dakika 21, ambazo ni karibu kilomita 39. Katika kumtafuta mtu aliyezimikiwa injini usiku kilomita 39 ni mtu mwingine kabisa. Kubalianeni kabla hamjaondoka mnatumia mtindo gani, mimi nashauri nyuzi na dakika zenye nukta kwa sababu ndo unaoendana na ngazi ya pembeni ya ramani.

Kuna kosa lingine la chini chini. GPS inatumia mfumo wa kupanga nyuzi na dakika duniani unaoitwa WGS84. Ramani za zamani za Tanzania zilichorwa kwenye mfumo wa Arc 1960, na ukichukua namba za mfumo mmoja ukazipanda kwenye ramani ya mfumo mwingine bila kurekebisha unahama karibu mita 300. Katikati ya ziwa mita 300 si kitu. Ukiwa unaikata pua ya Capri Point au unapenya katikati ya visiwa vidogo usiku, mita 300 ndo tofauti ya maji na jiwe. Jina la mfumo limeandikwa kwenye kile kiboksi, kazi yako ni kulinganisha na mpangilio wa GPS yako.

Sasa tuje penyewe, usawa wa maji, maana hapa sisi wa ziwani tuna shida ambayo wenzetu wa pwani hawana.

Namba ya kina kwenye ramani haihesabiwi kutoka kwenye maji ya leo. Inahesabiwa kutoka kwenye usawa mmoja uliochaguliwa, tuuite usawa wa rejea. Baharini wanachagua usawa wa chini kabisa maji yanapokupwa, ili namba iwe ya tahadhari, na mtu wa Tanga au Dar anachukua jedwali la maji kujaa na kupwa anajumlisha, saa fulani maji yamepanda mita 2, basi 3 ya ramani inakuwa 5. Kila siku maji yanarudi. Ziwani kwetu hakuna kujaa na kupwa kwa maana hiyo, ila ziwa lenyewe linapanda na kushuka kwa miaka. Kipimo kinachotajwa sana ni kile cha Jinja, Uganda, kule maji yanakotokea kuingia Nile. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 lilishuka mpaka kama mita 10.4 kwenye kipimo cha Jinja (inahesabiwa kutoka sifuri ya ubao wa Jinja, sio kutoka chini ya ziwa), kisha Mei 2020 likafika mita 13.42. Hiyo ni tofauti ya mita 3 ndani ya miaka 14, kwenye ziwa ambalo wastani wa kina chake ni mita 40 tu na mahali pa kina kirefu kabisa panapita kidogo mita 80.

Fikiria maana yake kwa namba moja ya ramani. Tuseme ramani inaonyesha mita 2 juu ya mwamba fulani, na usawa wake wa rejea ni mita 11.0 kwa kipimo cha Jinja. Ziwa likiwa 13.4 mwamba una mita 4.4 za maji juu yake, boti ya dagaa inapita bila hata kujua. Ziwa likishuka mpaka 10.4 unabaki na mita 1.4, chombo kilichopakia mzigo kinagonga. Hesabu ni hiyo tu: chukua usawa wa leo, toa usawa wa rejea, jumlisha kwenye namba ya ramani, na kama jibu la kutoa ni hasi basi namba inapungua. Ngumu sio hesabu, ngumu ni kukumbuka kuifanya. Usawa wa leo unausoma kwenye ubao wa kupimia maji ulioko bandarini, na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria ofisi zake ziko hapa hapa Mwanza, ukiwa na swali la usawa wa ziwa ni watu wa kuwauliza. Ila uliza ubao huo unahesabu kutoka wapi, maana kila ubao una sifuri yake na lazima uwe na namba ya kuuhamisha kwenye usawa wa rejea wa ramani yako.

Watu wanadhani maji yakipanda ndo usalama umeongezeka. Kwa chombo kikubwa kinachokwaruza chini labda. Kwa sisi wa boti ndogo kuna mawe ambayo miaka ya maji machache yalikuwa wazi, ndege wanakaa juu, kila mtu anayakwepa, maji yakipanda yanafunikwa robo mita na hayaonekani tena, na injini yako inafika chini kuliko hiyo robo mita. Kwa hiyo kila ziwa linapobadilika sana hatari zinahamia kwa watu wengine, na mazoea ya mzee aliyepita hapo miaka 20 yanahitaji kupimwa upya hata kama mzee ni hodari.

Tena upepo mkali ukikaa masaa upande mmoja unasukuma maji, upande mmoja wa ghuba yanaongezeka na mwingine yanapungua. Ni kidogo ukilinganisha na hiyo ya miaka, ila ukiwa umepiga hesabu ya nusu mita inakuhusu, acha akiba.

Turudi kwenye vinamba. Mistari inayounganisha vina sawa, ya mita 5, ya 10, ya 20, ndo inaonyesha umbo la chini. Ikibanana chini kunaporomoka kwa ghafla, ikiachana chini ni tambarare. Ziwa letu kwa ujumla ni kama sinia, linashuka polepole, sehemu za kina kirefu ziko upande wa mashariki. Ghuba ya Mwanza ni ya maji machache, hata mdomoni kwake ni kama mita 25. Lakini kando kando ya Mwanza umbo la sinia linakatishwa na mawe, ile miamba ya graniti unayoiona Bugando na Capri Point na lile jiwe la Bismarck haikatikii ufukweni, inaendelea ndani ya maji kwa sura ile ile, jiwe juu ya jiwe. Maana yake namba mbili zilizo jirani zikisema 12 na 11 hazikuhakikishii katikati yake ni 11 na nusu. Kwenye tope unaweza kuamini hivyo. Kwenye graniti katikati panaweza kuwa na jiwe la mita 2.

Ndo maana unatakiwa kujua nani alipima na lini. Ramani nzuri ina mchoro mdogo pembeni unaoonyesha kila eneo lilipimwa mwaka gani na kwa skeli gani, na ramani za kielektroniki zina daraja la uhakika, A1 na A2 ni bora, kisha B, C, D, na U ni eneo ambalo halijakadiriwa. Kipimo cha timazi ya kamba kinaona pale tu chuma kilipogusa. Mashine ya eko inapiga sauti, sauti inaenda chini kwa kama mita 1,500 kwa sekunde, inarudi, mashine inagawanya kwa mbili, hiyo inaona mstari mmoja chini ya boti. Mashine za kisasa za miale mingi zinafagia upana mzima. Kwa hiyo eneo jeupe lisilo na namba usiliite kina kirefu wala salama. Ni eneo ambalo hamna namba, basi. Ukipanga njia pitisha pale penye namba nyingi zinazofuatana, hata kama njia inakuwa ndefu kidogo.

Alama nitapita haraka, zimepangwa kimataifa na Waingereza wana kitabu cha alama zote kinaitwa 5011, kinatosha. Alama ya jumlisha ni mwamba uliozama, jumlisha yenye nukta nne kwenye kona zake ni mwamba unaokaa usawa wa maji ya rejea, jumlisha iliyozungushiwa nukta ni mwamba wa hatari kwa chombo. Nyota ndogo ni mwamba unaofunikwa na kufunuliwa. PA pembeni ya alama maana yake mahali ni pa kukadiria, ED maana yake hawana uhakika kama kitu hicho kipo, na wewe kichukulie kuwa kipo. Taa ikiandikwa Fl(2) 10s 15m 8M inamulika mara mbili kila sekunde 10, iko juu mita 15, inaonekana maili 8. Hesabu sekunde kwa saa, usikisie, taa ya gereji ufukweni nayo inawaka. Maboya yetu ya kuonyesha njia ni ya mfumo A wa kimataifa, ukiingia bandarini kutoka ziwani jekundu linabaki kushoto na kijani kulia. Video za Marekani zinafundisha kinyume kwa sababu wao ni mfumo B, usizifuate kwenye hilo.

Herufi za chini ya maji zinafaa sana kwa mvuvi na kwa anayetia nanga. M ni tope, S mchanga, R mwamba, Cy udongo wa mfinyanzi, Wd magugu ya chini. Nanga inashika vizuri kwenye mfinyanzi na mchanga, kwenye R inaweza isishike kabisa au ikang'ang'ania ukaiacha huko, na kamba uitoe angalau mara 5 ya kina. Nyavu za chini ukizilaza penye R zinachanika, ila penye R hapo hapo ndo kwenye furu wa mawe. Sato wanapenda kando penye maji machache na magugu. Ramani lakini haikuambii hewa ya chini ya maji. Kipindi cha Juni mpaka Agosti upepo wa kusini mashariki unayachanganya maji ya ziwa, miezi mingine maji ya chini kabisa sehemu zenye kina yanakosa hewa na samaki wanapanda juu, hiyo unaijua kwa uzoefu wa nyavu.

Ramani ya kina ya ziwa zima ile ya rangi ni kitu kingine na ramani ya kusafiria. Ipo moja ya mwaka 2017, imewekwa bure kwenye hazina ya data ya Harvard, imekusanywa kutoka ramani za zamani na vipimo vya eko, pointi zaidi ya milioni 4. Ni nzuri kuelewa umbo la ziwa, kupanga utafiti, kufundishia darasani. Usiendeshe boti kwa hiyo. Pale pasipo na pointi kompyuta imejaza kwa kukadiria kutoka kwa jirani, ziwa zima limegawanywa visanduku na kila kisanduku kimepewa kina kimoja tu, jiwe linalotosha kuua injini linapotelea ndani ya kisanduku. Na soma ufunguo wa rangi kila mara, ramani moja bluu iliyokoza ni kina kirefu, nyingine wamegeuza. Kwenye ramani ya kusafiria ya kawaida bluu ni maji machache na nyeupe ndo kina, njano ni nchi kavu, kwa hiyo macho yaliyozoea zile za rangi yanasoma kinyume.

Zoezi la kuanzia. Chora mstari kutoka Mwanza kwenda Nansio kwa penseli, utapata kama maili 25 za majini, kwa mwendo wa noti 8, yaani maili 8 za majini kwa saa, ni masaa matatu na ushee. Kisha fuata mstari wako kidole kwa kidole na uandike kila namba ndogo kuliko mita 5 iliyo karibu nao, kila alama ya mwamba, kila kisiwa. Utaona mstari ulionyooka haufai, utauvunja vipande viwili vitatu kupita mbali na mawe. Kila kona andika namba zake, zipande kwenye GPS, kisha mwenzio azisome kwa sauti wewe ukifuatisha kwenye ramani.

Zoezi la pili ndo linalofundisha kweli, pima mwalo wako mwenyewe. Chukua kamba isiyovutika, funga alama kila mita, mwisho wake weka chuma cha kilo mbili hivi, chini ya chuma paka sabuni ya kipande au grisi ngumu ili ipande na mchanga au tope la huko chini, ikirudi safi na ina mikwaruzo umegusa mwamba. Nendeni asubuhi maji yakiwa yametulia, wawili au watatu, mmevaa maboya ya kujiokolea, mmoja anapiga kasia, mmoja anashusha, mmoja anaandika. Kabla hamjaanza someni usawa wa maji kwenye ubao, kama mwalo hauna ubao pigeni alama ya rangi kwenye jiwe kubwa lisilohama mpime maji yako chini yake kiasi gani. Piteni mistari iliyonyooka kutoka ufukweni kwenda nje, kwa kulenga alama mbili za nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, jiwe na mti, paa na mnara wa simu, kama wazee wanavyotafuta uvuo wao. Kila hatua shusha, andika kina, andika udongo, piga pointi ya GPS. Kama mna eko saunda tumieni lakini kumbukeni inapima kuanzia kwenye kihisi chake, ikiwa kihisi kiko nusu mita ndani ya maji jumlisha hiyo nusu.

Nyumbani panda namba zote kwenye karatasi ya grafu, chora mstari wa mita 2, wa 5 na wa 10 kwa penseli, usilazimishe mistari iwe mizuri. Pale namba mbili za jirani zinapotofautiana sana, au sabuni iliporudi na mikwaruzo, weka duara, rudini siku nyingine mpime katikati yake kila hatua mbili mpaka mpate sehemu ya juu kabisa ya hilo jiwe, na hiyo ndo namba ya kuandika. Nakala moja mpelekeeni mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, aibandike pale ofisini kwenye mwalo, ikiwa na tarehe na usawa wa maji wa siku mliyopima.